Mwacha Mila ni Mtumwa, Lakini Mila Ipi? Filamu ya Moolaadé na Mgogoro wa Ukeketaji

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Ni methali iliyotumiwa sana, na aghalabu ikatumiwa kama rungu la kumfumba mtu kinywa. Panapozuka ubishi kuhusu desturi yoyote ya jadi, mtetezi wake huitupa methali hii uwanjani akidhani kwamba ameumaliza mjadala. Hata hivyo, methali yenyewe hailijibu swali moja la msingi: mila mbili zinapogongana, ni ipi ifuatwe na ni ipi iachwe? Swali hilo ndilo uti wa mgongo wa Moolaadé, filamu ya mwisho ya Ousmane Sembène, mwandishi na mwongozaji wa filamu kutoka Senegal, iliyotolewa mwaka wa 2004 na kutuzwa katika tamasha la Cannes mwaka uo huo.

Filamu hiyo inahusu ukeketaji, suala ambalo limewagawanya Waafrika, Wakenya wakiwemo, kwa takriban karne nzima. Wapo walioutetea kwa jina la utamaduni, na wapo walioupinga kwa jina la dini, afya au haki za binadamu. Ubora wa Sembène ni kwamba alikataa kuuona mgogoro huu kama vita baina ya Mwafrika na Mzungu, au baina ya jadi na usasa. Aliuweka ndani ya jadi yenyewe. Katika kazi yake, mila inapambana na mila, na mtu anayeitwa mwasi ndiye anayeshikilia mila iliyo kongwe zaidi.

Msuko wa filamu ni mwepesi kufuatilia. Katika kijiji kimoja cha Afrika Magharibi, wasichana sita wanatoroka siku ya kukeketwa. Wanne kati yao wanakimbilia nyumbani kwa Collé Ardo, mke wa pili wa Ciré Bathily, kwa kuwa kijiji kizima kinajua kwamba mwanamke huyo alikataa binti yake wa pekee, Amasatou, asitiwe kisu. Wawili waliobakia hawaonekani, na baadaye inabainika kwamba walijitosa kisimani. Collé anafunga kamba ya rangi katika lango la boma lake na kuwatangazia wasichana wale moolaadé, yaani hifadhi takatifu ambayo mtu akishaitoa, hakuna anayeweza kuivunja ila yeye mwenyewe kwa kulitamka neno la kuiondoa. Tangu hapo hadi mwisho, taharuki yote ya filamu inazunguka jambo moja: je, Collé atalitamka neno hilo?

Kamba hiyo ndiyo ishara kuu ya kazi nzima. Imefungwa chini mno hivi kwamba mtu yeyote angeweza kuiruka bila taabu. Mangariba, ambao katika filamu huitwa Salindana na huvaa mavazi mekundu, wanafika langoni wakiwa wamejaa ghadhabu, lakini wanasita mbele ya uzi huo. Kinachowazuia ni imani wanayoshiriki na Collé. Karibu na msikiti kipo kichuguu kirefu ambacho wanakijiji wanaamini kwamba ni kaburi la mfalme wa kale aliyeuvunja mwiko wa hifadhi. Wazee, mangariba na wanawake wote wanakijua kisa hicho. Kwa hiyo Collé hakuagiza silaha kutoka ughaibuni. Aliichukua iliyokuwemo nyumbani, akaitumia kuulinda uhai wa watoto. Nani basi awezaye kumwambia kwamba ameacha mila?

Uamuzi huu wa kisanaa una uzito mkubwa kwa hadhira ya Kenya, kwa maana historia ya nchi hii inaonyesha yanayotokea suala hili linapopelekwa kwa watu kutoka nje au kutoka juu. Mnamo 1929, baadhi ya makanisa ya wamishonari katika eneo la Agikuyu yaliwataka waumini wao waikane tohara ya wanawake. Matokeo yake yalikuwa kwamba maelfu walihama makanisa hayo, shule za kujitegemea zikashamiri, na tohara ikageuka kuwa bendera ya kupinga ukoloni. Jomo Kenyatta aliitetea katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka wa 1938. Kuanzia hapo, kumtetea msichana dhidi ya kisu kulifanana na kumtetea mkoloni.

Kisa cha Meru kinaelimisha zaidi. Mwaka wa 1956, baraza la wazee la Njuri Ncheke, likishirikiana na utawala wa kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wanaume waliamua na wanawake hawakushauriwa. Wasichana wengi waliitikia marufuku hiyo kwa kununua nyembe na kujikata wenyewe au kukatana. Wakaitwa Ngaitana, jina lenye maana ya "nitajitahiri". Zaidi ya watu 2,000 walishtakiwa katika miaka michache iliyofuata. Tukio hili linawatatiza wote wanaodhani kwamba msichana aliyekabiliwa na ukeketaji daima huwa ni mhasiriwa anayesubiri kuokolewa. Wasichana wa Meru waliona kwamba wananyang'anywa njia ya kuufikia utu uzima, na hakuna aliyewaonyesha njia nyingine.

Hali kadhalika, wanafunzi wa fasihi watamkumbuka Muthoni katika riwaya ya hayati Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between (1965). Muthoni ni binti ya mhubiri Joshua, lakini anamtoroka babake ili akatahiriwe, na jeraha linamuua. Ukimweka Muthoni kando ya Diatou, mmoja wa wasichana wanne wa Moolaadé, kinaya kinajitokeza waziwazi. Muthoni anakimbilia kisu naye Diatou anakikimbia, na wote wawili wanaishia kaburini. Ngũgĩ alionyesha kwamba anayetamani tohara anaweza kuwa mtu mwenye akili timamu na kiu halali ya kuwa mmoja wa watu wake. Sembène alionyesha kwamba anayeikataa anaweza kuwa na kiu iyo hiyo. Msomaji aliyezipitia kazi hizi mbili hawezi tena kuridhika na mgawanyo rahisi wa wema upande huu na uovu upande ule.

Mgawanyo huo rahisi, hata hivyo, ndio uliotawala michezo mingi ya kuigiza iliyotungwa juu ya mada hii. Wapenzi wa tamasha za drama za shule na vyuo wanaujua mtindo wenyewe. Kuna ngariba kizee mwenye sauti ya kukwaruza na kisu chenye kutu. Kuna baba mlevi anayetaka mahari. Kuna msichana anayelia. Hatimaye anaingia mwalimu, daktari au chifu, anatoa hotuba ndefu yenye takwimu, ngariba anatiwa pingu na pazia linafungwa kwa vigelegele. Dhamira ya michezo kama hii ni njema, na pengine imewaokoa baadhi ya watoto. Kasoro yake ni kuwa haimgusi mtu anayehitaji kuguswa. Nyanya aliyemkeketa mjukuu wake kwa mapenzi hatajitambua katika kizee kile, kwa hiyo atacheka pamoja na wengine na kurudi nyumbani akiwa na fikra zile zile.

Usawiri wa wahusika katika Moolaadé, kwa sehemu kubwa, umeukwepa mtego huu. Ciré, mume wa Collé, si katili. Ni mtu mpole anayemheshimu mkewe, lakini kaka yake mkubwa, Amath, anamwandama kwa shutuma kwamba ameshindwa kulitawala boma lake. Anapochukua kiboko na kumchapa Collé mbele ya umati ili alitamke neno, mtazamaji anamwona mtu aliyekubali kuwa mkono wa wengine. Baadaye Ciré anajitenga na wazee hao. Mkewe wa kwanza, Hadjatou, hana ujasiri wa kusimama mbele, lakini anausaidia msimamo wa Collé kwa njia zake za kimyakimya. Hata Mercenaire, mchuuzi aliyewahi kuwa mwanajeshi, ambaye ndiye anayekinyakua kiboko kutoka mkononi mwa Ciré, hakuchorwa kama malaika. Anawalangua wanakijiji bei na kuwatamani wanawake wao. Wema wake wa siku moja unamgharimu uhai, na wala haufuti dosari zake.

Aidha, Sembène alimnyima msomi nafasi ya kuwa mkombozi. Ibrahima, mwana wa mtawala wa kijiji, anarejea kutoka Ufaransa akiwa na pesa na suti, tayari kumwoa Amasatou. Katika mchezo wa kawaida, huyu ndiye angetoa hotuba. Katika filamu hii anasitasita, anasikiliza amri za babake kwa muda mrefu, na anapata sauti yake tu baada ya wanawake kumwonyesha jinsi sauti inavyopatikana. Ujuzi alioutoa ng'ambo haukumpa ushujaa.

Mhusika anayeuma moyo kuliko wote ni mamake Diatou. Wakati umati umeshughulika na kiboko, mama huyu anamvuta bintiye atoke katika hifadhi na kumpeleka kwa mangariba. Diatou anafariki. Ni nani aliyemuua? Si mama mkatili, kwa kuwa filamu haituonyeshi chuki yoyote kwake. Alichokijua ni kwamba bilakoro, yaani msichana asiyekeketwa, hatapata mume, na kwamba asiye na mume hana mahali katika kijiji kile. Alitaka kumpa mwanawe mahali pa kusimama. Hapa ndipo suala lenyewe la kimaadili linapokaa, nyuma ya kelele zote za majukwaani: tendo linaloua hutendwa mara nyingi na mtu anayependa, kwa ajili ya anayempenda. Mchezo wowote usioukabili ukweli huu unapambana na kivuli.

Fauka ya hayo, filamu haimtenganishi Collé na mama huyo kwa utakatifu. Collé mwenyewe alikeketwa. Watoto wake wawili walikufa wakati wa kujifungua, na Amasatou alizaliwa kwa upasuaji uliomwachia kovu refu tumboni. Katika onyesho moja la usiku, akiwa na mumewe chumbani, anakiuma kidole chake kwa maumivu bila kutoa sauti. Hakuna maelezo ya kitabibu yanayotolewa wala takwimu zinazotajwa. Mwili wa Collé unabeba hoja yote, na mtazamaji anaachiwa aisome. Inafaa kukumbuka kwamba Fatoumata Coulibaly, mwigizaji na mtangazaji kutoka Mali aliyeicheza nafasi hiyo, naye alipitia kisu hicho utotoni. Alichokiigiza hakikuwa kigeni kwake.

Hata hivyo, si haki kuisifu kazi hii bila kuzitaja kasoro zake, na ziko tatu zinazostahili kuzingatiwa. Ya kwanza ni usawiri wa Salindana. Mangariba hawa wanatembea pamoja, wanavaa sare moja na wanazungumza kwa sauti moja. Wao ni wahusika bapa. Filamu haimpi hata mmoja wao nafasi ya kueleza jinsi alivyouridhi wadhifa wake, anavyouelewa, na heshima gani ataikosa akiuacha. Sembène aliyemwelewa mama anayempeleka mtoto hakujitahidi vya kutosha kumwelewa mwanamke anayekishika kisu. Katika suala linaloligawa taifa, upande unaopingwa unapaswa kupewa hoja zake bora kabisa, si kwa kuuhurumia bali kwa sababu hoja isiyosikika haiwezi kujibiwa.

Kasoro ya pili ni kasi ya ushindi. Kifo cha Diatou kinawaunganisha wanawake ghafla, wanawanyang'anya mangariba visu vyao na kuviteketeza, nao wazee wanabaki wameduwaa. Hitimisho hili linasisimua, lakini maisha hayasongi kwa mwendo huo. Vijiji vingi vimeshuhudia vifo kama cha Diatou na visu vikaendelea kunolewa, kwa kuwa kifo hupewa sababu nyingine: laana, uchawi au majaliwa.

Ya tatu inahusu redio. Wazee wanaamini kwamba fikra za uasi zinatoka redioni, kwa hiyo wanazikusanya redio zote za wanawake na kuzichoma mbele ya msikiti. Collé anapokabiliana nao, anawaambia kwamba alimsikia imamu mkuu akisema redioni kuwa Uislamu hauamrishi ukeketaji. Wapo watakaosema kwamba hapa Sembène alijisaliti, kwamba mkombozi kutoka nje ameingia kupitia dirishani. Hoja hii ina nguvu, lakini haimalizi mambo. Redio ilimpa Collé uthibitisho, haikumpa uamuzi. Binti yake alikuwa amekwisha kumwepusha na kisu miaka kadhaa awali, na kamba aliifunga bila kumwuliza mtangazaji yeyote. Katika picha za mwisho, yai la mbuni lililo kileleni mwa msikiti linafuatwa na antena ya televisheni. Picha hizo zinaweza kusomwa kama usasa kuibandua jadi. Zikisomwa kwa kuzingatia yaliyotangulia, zinauliza tu ni nani atakayeamua kinachosikika kijijini.

Jambo jingine linalowahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni lugha. Sembène alianza kama mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa. Aliingia katika filamu katika miaka ya sitini kwa kuwa alitambua kwamba watu aliowaandikia hawakuweza kuzisoma kazi zake. Filamu yake Mandabi (1968) ilizungumza Kiwolofu, na Moolaadé, iliyopigwa katika kijiji cha Djerrisso nchini Burkina Faso, inazungumza Kibambara kwa kiasi kikubwa. Aliiona filamu kama shule ya jioni kwa umma usiosoma. Kwa sababu hiyo, Collé na wazee wanabishana katika lugha ambamo maneno kama moolaadé na bilakoro yana uzito wake kamili. Lau ubishi huo ungeendeshwa kwa Kifaransa, kamba ile ingekuwa uzi tu.

Kiswahili nacho kinaukabili mtihani uo huo. Msamiati wake juu ya mada hii tayari umegawanyika. Anayesema "tohara ya wanawake" anaiweka desturi hii pamoja na jando. Anayesema "ukeketaji" ameshatoa hukumu kabla ya kusikiliza. Mtunzi wa tamthilia hana budi kujua ni mhusika yupi atakayesema neno lipi, na kwa nini. Ngariba katika tamthilia hawezi kujiita mkeketaji. Neno analojiitia ndilo mlango wa kuingilia katika fikra zake, na mlango huo ndio ambao watunzi wengi huupita bila kubisha hodi.

Yamkini mtu atauliza: kuna haja gani ya kujadili haya ilhali sheria imeshatungwa? Ni kweli kwamba Kenya ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka wa 2011, na kwamba mwaka wa 2021 Mahakama Kuu iliitupilia mbali kesi iliyodai kuwa sheria hiyo inakiuka haki ya mwanamke mzima ya kufuata utamaduni wake. Ni kweli pia kwamba idadi imeshuka. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uligundua kwamba asilimia 38 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa mwaka wa 1998. Kufikia 2014 ilikuwa asilimia 21, na kufikia 2022 asilimia 15. Sheria imefanya kazi yake, na hakuna sababu ya kuibeza.

Lakini wastani wa taifa huficha mengi. Yapo maeneo, hasa Kaskazini Mashariki, ambako karibu kila mwanamke amepitia kisu. Kwingineko tendo limehamishiwa usiku, au kwa wasichana wadogo zaidi, au mikononi mwa wahudumu wa afya wanaolifanya kwa siri. Sheria inaweza kumfikisha ngariba kortini, lakini haiwezi kumfikia mama ambaye, kama mamake Diatou, anahofia kwamba bintiye hatakuwa na mahali. Hapo panahitaji kazi ya sanaa itakayomwonyesha mama huyo kwamba kumlinda mtoto nako ni mila, na kwamba ilikuwako tangu jadi.

Kila jamii ya nchi hii ina moolaadé yake kwa jina jingine. Wapo waliokuwa na miti ambayo mkimbizi akiishika haguswi. Wapo waliokuwa na nyumba za wazee ambamo damu haikumwagwa. Na Waswahili wamesema tangu zama kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtunzi chipukizi anayetaka kuandika juu ya ukeketaji, au juu ya suala jingine lolote linalowatenga ndugu, angefanya vyema kuanzia hapo: atafute katika jadi ya watu wake ile kamba iliyofungwa chini, ambayo hata adui anaogopa kuiruka. Akiipata, hatahitaji chifu aingie na pingu katika onyesho la mwisho. Nayo methali ya wahenga itabaki na ukweli wake, kwamba mwacha mila ni mtumwa, almuradi anayeinena akumbuke kwamba Collé hakuiacha.